Pesa ya kweli imeingia, mpigaji anataka irudishwe kwa namba nyingine. Mchezo uko wapi hapa?

#1 · Kibanda_Maweni · Malindi

Assalamu alaikum wana uzi. Nina swali, na kuna mtu anasubiri jibu lake sasa hivi.

Muuza duka hapa Maweni ameingiziwa shilingi 4,500 kwenye laini yake asubuhi hii. Dakika tatu hazijapita, simu ikalia. Mwanamume, sauti ya upole, anamwita kwa majina yake yote matatu. Amekosea namba, pesa ni za karo, arudishiwe tafadhali. Lakini hataki zirudi zilikotoka. Anataka zitumwe kwa namba nyingine, eti ile ya kwanza ina deni na zikirudi huko zitaliwa.

Kabla hamjaniambia ni meseji feki: salio limefunguliwa kwa *334#, limepanda 4,500 kamili. Pesa ipo. Sasa kama pesa ni ya kweli, tapeli anafaidi nini? Mtu anapoteaje kwa kurudisha kisichokuwa chake?

#2 · FundiSimu_Barani · Malindi

Wa alaikum salaam. Kufungua salio kabla ya kusema lolote ndiko kulikomweka salama mpaka sasa. Ila uzi utasomwa na wengi, kwa hiyo niweke hapa namna ya kuipima meseji yenyewe.

Ya kweli hufika kwa jina MPESA, chini ya meseji zako za zamani za MPESA, mfululizo mmoja. Ikifungua ukurasa mpya, au ikija na namba ya simu juu yake, ishia hapo. Kisha tazama namba ya muamala, herufi na tarakimu 10. Herufi ya kwanza ni mwaka: S ilikuwa 2024, T ikawa 2025. Ya pili ni mwezi, A Januari, B Februari, hadi L Desemba. Ya tatu ni siku: 1 mpaka 9 huandikwa kwa tarakimu, halafu A ni tarehe 10, B ni 11, hadi V ambayo ni 31. Kwa hiyo namba inayoanza na TGH ni ya tarehe 17 Julai 2025. Ukiipata mwezi wa Agosti, imenakiliwa kutoka muamala wa zamani. Mwisho, salio jipya: tapeli halijui salio lako, kwa hiyo hulibuni au huliruka.

Na makosa ya tahajia, hayo humfichua upesi.

#3 · BintiLangoni · Lamu

@FundiSimu #2, mambo mawili. Hilo la tahajia litoe. Meseji za kweli zenyewe, nukta mara nyingi hugandana na neno linalofuata, na Ksh hugandana na tarakimu. Mtu akifundishwa kuwinda makosa ya uandishi ataikataa ya kweli na kuipokea feki iliyopangwa vizuri.

La pili, namba ya muamala. Tapeli akimtumia mwenzake shilingi 10 leo asubuhi, ana namba halali ya leo, ya kubandika kwenye meseji yake ya uongo. Herufi zile tatu zinafaa kukatalia. Hazifai kukubalia.

#4 · FundiSimu_Barani

Umesema kweli, dada. Cha kukubalia ni kimoja tu: salio ulilolifungua mwenyewe, kwa mkono wako, kwenye simu yako.

#5 · Floti_Tayari · wakala, Malindi

Kibanda, swali lako ni "anafaidi nini". Jibu: anakula mara mbili. Fuata hatua.

Anatuma 4,500 kutoka laini A. Anapiga, analilia karo, unamtumia 4,500 kwa laini B. Pale pale, mwenye laini A anapeleka ule ujumbe mzima wa muamala kwa 456, namba ya M-PESA ya kuomba muamala urejeshwe, na kudai kuwa alikosea namba. Mtambo unaona kitu kimoja tu: A alimtumia mwenye duka, na sasa anaomba zirudi. Ile 4,500 uliyopeleka B haihusiani, kwa mtambo hiyo ni miamala miwili isiyojuana. Ukiwa na akiba yako kwenye laini, itakayoshikwa ni hiyo. Ameingia na 4,500, ametoka na 9,000.

Ndiyo maana anaharakisha. Anataka B ipokee kabla A haijaomba.

#6 · Nahodha_Matondoni · Lamu

@Floti_Tayari, maelezo mazuri lakini yana pengo. Kurejesha muamala si kubonyeza na kupokea. Pesa hushikiliwa, mpokeaji huulizwa, na akipinga kuna mvutano. Na yule wa laini A ameandikishwa kwa kitambulisho. Tapeli wa kazi ataanika jina lake mbele ya kampuni kwa 4,500?

#7 · Floti_Tayari

Shehe, laini imeandikishwa kwa kitambulisho, lakini cha nani? Piga *106# leo uone ni namba ngapi zimeandikishwa kwa jina lako. Kuna watu wamekuta laini tatu wasizozijua, zilizofunguliwa na muuza laini wa mwavuli aliyewaambia "kidole hakijasoma, weka tena". Kila kidole kilichowekwa tena kilifungua laini nyingine.

#8 · KaraniWaKorti · Malindi

Mimi namuunga mkono Nahodha kwa nusu. Hesabu ya kula mara mbili ipo, lakini kwa kisa hiki naona njia nyingine, na ndiyo mbaya zaidi kwa mwenye duka.

Pesa hiyo huenda si ya mpigaji kabisa. Kuna mtu wa tatu, tuseme yuko Nakuru au Garissa, ameona friji kwenye Facebook kwa bei ya kutupa, au ameahidiwa mkopo akilipa kwanza "ada ya usajili" 4,500. Anaambiwa atume kwa namba fulani, na hiyo namba ni ya mwenye duka wetu. Halafu tapeli anampigia mwenye duka airudishe kwa laini B. Ukitazama karatasi, mnunuzi wa friji alimtumia nani? Mwenye duka wa Maweni. Jina litakaloandikwa kituoni ni lake. Tapeli hayumo popote ila kwenye mrija wa mwisho, laini B, ambayo jioni itakuwa imetupwa baharini.

Kwa hiyo akirudisha kwa B hajarudisha, amesafirisha.

#9 · Mzee_Ngarawa · Lamu

Hawa zamani wakiitwa ayari. Neno zuri, limeachwa. Tapeli ni mgeni wa juzi tu.

#10 · BintiLangoni

Mzee, ayari wa zamani alikuja mpaka mlangoni, uso ukamjua. Wa leo hana uso, ana laini sita na chaja moja.

#11 · Tamu_Chungu · Malindi

Tatizo la watu wetu ni tamaa. Mwaka 2007 DECI ilipoanguka, ikafuata ripoti ya kikosi kazi cha serikali kuhusu upatu wa piramidi, hasara zaidi ya shilingi bilioni 8. Tangu Charles Ponzi pale Boston mwaka 1920 alipoahidi asilimia 50 kwa siku 45, hakuna jipya. Faida ya wa kwanza ni mtaji wa wa mwisho. Anayepinga tamaa hatapeliwi.

#12 · KaraniWaKorti

@Tamu_Chungu #11, kwa upatu sawa. Kwa kisa hiki hapana, na tusimwonee mwenye duka. Mwenye tamaa angezima simu na kula 4,500. Huyu anataka kurudisha. Mchezo huu haumtafuti mlafi, unamtafuta mwaminifu mwenye haraka: mtu aliyelelewa kuwa mali ya mtu hailali nyumbani kwako. Ukanda huu wote wa pwani, kuanzia Malindi mpaka Amu (Lamu), umejaa watu hao, na tapeli anajua hivyo.

#13 · Tamu_Chungu

Nimekuelewa. Basi afanye nini, akae nayo?

#14 · Muuza_Mabati · Malindi

Akae nayo! Hajaomba kutumiwa. Mwenyewe akiwa wa kweli ataenda kampuni.

#15 · KaraniWaKorti

@Muuza_Mabati, kukaa nayo ni jambo moja, kuila ni jingine. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 ina kifungu kinachomhusu anayeficha au kuzuilia malipo ya kielektroniki yaliyomfikia kwa makosa. Faini hadi 200,000, au kifungo hadi miaka 2, au vyote viwili. Kwa hiyo asiirushe kwa B, na asiinunulie unga. Aiache ilale kwenye laini, amwambie mpigaji apeleke ujumbe kwa 456 mwenyewe, na yeye hatapinga. Maneno hayo tu. Mwenye pesa wa kweli atashukuru kwa sababu njia hiyo haimgharimu hata ada ya kutuma. Tapeli atatukana.

#16 · MamaWaNdizi · Malindi

Kuna jambo mnaliruka. Kama mwenye duka ana deni la Fuliza, ule mkopo wa M-PESA, je? Tangu Fuliza ianze mwaka 2019, pesa yoyote ikiingia deni hukatwa kwanza, hata kama pesa yenyewe si yako. Mtu akikutumia 4,500 kimakosa nawe unadaiwa 3,000, ukifungua salio unakuta 1,500 na makombo. Hapo mwaminifu hana cha kurudisha, na mlalamikaji wa kweli ataapa kuwa ameliwa.

Na sababu ya mpigaji, kwamba laini yake ina deni na pesa ikirudi itakatwa, kwa hiyo inaweza kuwa kweli tupu! Msimhukumu mtu kwa hilo.

#17 · Floti_Tayari

Mama, hoja nzito. Kwa mwenye duka wetu salio lilipanda kamili, kwa hiyo hadaiwi. Lakini umeniyumbisha kuhusu mpigaji.

#18 · Nahodha_Matondoni

Mimi toka mwanzo nasema huenda ni kosa tu. Watu hukosea namba kila siku: 0722 badala ya 0721, tarakimu mbili zikapishana. Jina hutokea kabla ya kuthibitisha lakini nani hulisoma akiwa juu ya bodaboda?

Kipimo changu ni hiki, na ni cha bure. Muulize mpigaji: "Ulikusudia namba gani?" Usimtajie yako. Aliyekosea kweli anaijua namba aliyoikusudia, ataisoma kutoka kwenye karatasi au kwenye simu, na itafanana na yako kasoro tarakimu moja au mbili. Tapeli hana namba ya kutaja. Atakuuliza kwa nini unauliza.

#19 · BintiLangoni

Hicho nakichukua, Nahodha. Ila tapeli aliyesoma uzi huu kesho atakuwa na jibu: atabadilisha tarakimu moja ya namba yako akusomee.

#20 · Nahodha_Matondoni

Basi muulize na jina la aliyemkusudia, halafu ingiza ile namba kama unataka kutuma shilingi moja, jina likitokea, ghairi. Likilingana, huyo ana haki ya kusikilizwa. Namba aliyoibuni papo hapo itatoa jina la mtu mwingine kabisa, au haipo.

#21 · FundiSimu_Barani

Hapo hapo tujibu na la "ameniita kwa majina matatu". Ni njia hiyohiyo aliyoitumia Nahodha. Yeyote akianza kukutumia pesa, mtambo humwonyesha jina kabla hajathibitisha. Anasoma, anaghairi, anapiga. Jina lako kinywani mwa mgeni si ushahidi wa chochote.

#22 · Kibanda_Maweni

Nawashukuru nyote. Nimempelekea mwenye duka majibu. Taarifa mpya: jina la aliyetuma ni la mwanamke. Aliyepiga ni mwanamume, na namba aliyopigia si ile iliyotuma. Anasema mwanamke ni mkewe. Bado anapiga kila dakika kumi.

Na swali la pili, kwa nini duka hili? Namba walitoa wapi?

#23 · Floti_Tayari

Namba, tuanzie kwetu mawakala. Daftari. Kila anayeweka au kutoa huandikwa humo: tarehe, jina, kitambulisho, namba ya simu, namba ya muamala, kiasi, sahihi. Linalala wazi juu ya kaunta, kalamu imefungwa kwa uzi. Anayesubiri zamu yake na simu mkononi anapiga picha ukurasa mzima, mistari ishirini na kitu, na hapo anajua nani alitoa elfu mbili na nani aliweka elfu arobaini. Wakala mwenzangu ukinisoma: weka kadi ngumu iliyokatwa tundu la mstari mmoja. Mteja anaona mstari wake tu. Kadi ya sanduku la biskuti inatosha.

#24 · MamaWaNdizi

Au vikundi vya WhatsApp vya michango. Orodha ya waliochanga, majina na kiasi, inasambazwa mpaka kwa wasiowajua. Mimi naona huko ndiko, si kwenye daftari.

#25 · FundiSimu_Barani

Au hakuna orodha yoyote. Anaanza na namba moja, anaongeza moja, anaongeza moja. Kwa kuwa jina hutokea bure, hahitaji kuiba chochote.

#26 · Dhahabu_na_Simu · muuza simu, Malindi

Karani #8 amegusa kitu kinachotupata wafanyabiashara kwa umbo jingine, na ningependa wenye maduka wasome kwa makini.

Mteja anaingia, anachagua simu ya 18,000. Hana haraka wala habishani bei sana. Anaomba namba ya tili, ile ya kulipia dukani, "kaka yangu analipa kutoka Nairobi". Dakika tano, pesa inaingia kwenye tili, ya kweli, salio limepanda. Unampa simu na risiti. Jioni unapigiwa: mtu analia kuwa alilipia pikipiki au mbuzi au nyumba ya kupanga, na hajaletewa. Alipewa namba ya tili yako na akaambiwa ndiyo ya muuza pikipiki. Wewe una pesa halali ya mtu aliyeibiwa, na simu yako imeshavuka daraja la Sabaki.

Hapa kuangalia salio hakusaidii hata kidogo, kwa sababu kila kitu ni cha kweli. Cha kufanya: tazama jina la mlipaji kwenye ujumbe. Si la aliye mbele yako? Piga simu kwa mlipaji kabla ya kufungua kabati. Usimwambie "umelipia simu?", atasema ndiyo bila kusikiliza. Muulize "umelipia nini?" Akisema kitu kingine chochote kisichokuwa simu, mrudishie mlipaji pesa yake pale pale. Na mteja halali hataudhika kusubiri.

#27 · Muuza_Mabati

Hii ya "umelipia nini" nimeiandika ukutani. Kwetu mabati ya pesa nyingi hulipwa na jamaa wa mbali kila siku. Asante.

#28 · Mgeni_Shela · Lamu

Na huku Amu, Mfungo Sita ukikaribia, wageni wa Maulidi hutafuta vyumba. Picha za nyumba ya Shela zinanakiliwa, bei inashushwa kidogo tu, si sana, na amana ya nusu inaombwa kwa namba ya mtu binafsi. Mgeni anavuka kutoka Mokowe na mizigo yake, anafika gatini, namba imezimwa.

Dawa: mwombe mwenye nyumba akupigie simu ya video akiwa gatini, atembee mpaka mlangoni bila kukata, afungue, aingie kwenye chumba. Vichochoro vya Amu havibuniwi. Mwenye nyumba ya kweli ana dakika kumi za kutembea kwa ajili ya mteja.

#29 · Msoma_Ramani · Malindi

Kama tumefika kwenye amana, niseme la ardhi. Hapo ndipo hasara huwa ya maisha, elfu nne haziingii.

Mashamba ya Mambrui, Gongoni, Mayungu, Ganda, dalali anakupeleka. Anakuonyesha kipande kizuri kando ya barabara. Hati anayokuonyesha ni ya kweli. Ukifanya sachi kwenye masjala ya ardhi, inatoka safi: jina ni la muuzaji, hakuna rehani, hakuna zuio. Unalipa. Halafu unagundua kuwa hati ni ya kipande chenye ukubwa uleule kilicho kilomita mbili ndani, kwenye mawe. Sachi husema nani anamiliki namba ile. Haisemi namba ile iko wapi ardhini. Kwa hilo unahitaji mpimaji aliyesajiliwa, ramani ya eneo, na vigingi vitafutwe kwa kuchimba, si kwa kunyoosha kidole.

La pili, sachi ni picha ya siku moja. Ya mwezi uliopita haikuambii kilichowekwa jana. Fanya ya pili asubuhi ya kulipa.

La tatu, shamba la kilimo linahitaji idhini ya bodi ya ardhi ya eneo, iombwe ndani ya miezi 6 tangu mkubaliane. Bila idhini mauziano ni batili, hata kama mlipeana mikono mbele ya mzee wa mtaa. La nne, mwenye jina kwenye hati akiwa marehemu, mtoto mkubwa hana mamlaka ya kuuza kwa kuwa ni mkubwa. Dai hati ya mirathi iliyothibitishwa na korti, au ya Kadhi kwa Waislamu, na majina ya warithi wote.

Ushuru wa stempu ni asilimia 4 mjini na 2 mashambani. Dalali akisema "tutaandika bei ndogo tupunguze ushuru", jua anakufundisha kusaini uongo ambao siku ya kesi utakuumiza wewe.

#30 · Mzee_Ngarawa

Na hati yenyewe si ngao. Tarehe 31 Julai 2014 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufutwa hati za karibu ekari 500,000 hapa Lamu, zilizogawiwa kampuni 22. Walikuwa na karatasi zenye mihuri.

#31 · Msoma_Ramani

Kweli, Mzee. Ndiyo maana tunauliza na historia ya kipande: kilikuwa cha nani kabla, na kilitoka mikononi mwa umma kwa njia gani. Na uwaulize majirani wanaolima kando, hao hawana faili lakini wanajua nani alipanda mikorosho.

#32 · Tamu_Chungu

Uzi umeondoka Maweni ukafika Mambrui. Turudi, jamani, mwenye duka anangoja.

#33 · FundiSimu_Barani

Turudi. @Kibanda, mpigaji hajamwambia mwenye duka apige namba yoyote ya nyota? Wakikosa pesa kwa upole hubadilisha mlango. Anajifanya wa huduma kwa wateja, "tunakusaidia kurejesha muamala, piga *33*0000#". Hiyo haina uhusiano na pesa, inafunga simu zako zote za kutoka, usiweze kuipigia kampuni wala benki wakati wanakutolea pesa. Kufungua ni #33*0000#. Vilevile wakikupa msimbo unaoanza na *21*, unaelekeza simu zako ziende kwao. ##002# inaondoa uelekezaji wote.

Safaricom hukupigia kwa 0722 000 000 pekee, na haikuombi namba ya siri. Namba zinazosumbua ziripotiwe kwa ujumbe wa bure kwenda 333. Na nyote mnaosoma, pigeni *100*100# mfunge laini zenu, ili kubadilisha kadi kufanyike dukani kwao tu, si kwa wakala wa kando ya njia.

#34 · Kibanda_Maweni

Hajamwambia. Lakini mwenye duka alimuuliza alivyoshauri Nahodha: ulikusudia namba gani? Mpigaji akakata.

#35 · Floti_Tayari

Basi. Kula mara mbili, kama nilivyosema #5.

#36 · KaraniWaKorti

Au mnunuzi wa friji, kama nilivyosema #8. Kukata simu kunathibitisha kuwa mpigaji ni mwongo, hakuthibitishi uongo gani. Mpigieni mwanamke, kwa namba iliyotuma. Akiulizwa "umelipia nini" tutajua.

#37 · Kibanda_Maweni

Amepigiwa mara nne. Haipatikani.

#38 · BintiLangoni

Haipatikani tangu lini? Kama laini ya huyo dada imebadilishwa kadi na mtu mwingine, simu yake mwenyewe sasa haina mtandao na hajui kwa nini. Hapo pesa ni yake, namba ni yake, na kumrudishia kwa namba ileile ni kumpa aliyeishika laini. Hata 456 ataipeleka huyo huyo.

#39 · MamaWaNdizi

Au betri imeisha na mumewe ni mtu mwenye hasira. Nasema tu, tusimzike mtu.

#40 · KaraniWaKorti

Kwa hali zote nne, la kufanya leo ni moja. Pesa isiguswe. Aandike pembeni namba ya muamala, saa iliyoingia, namba iliyotuma, kila namba iliyopiga na saa zake. Apige huduma kwa wateja mwenyewe, asisubiri kupigiwa, aeleze kuwa amepokea pesa asiyoijua na hataipinga ikirejeshwa. Kisha aende kituo cha polisi aandikishe, atoke na namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Mwanamke akitokea kesho au mwezi ujao, mwenye duka ana karatasi inayoonyesha alisema kwanza.

#41 · Kibanda_Maweni

Anafunga duka aende kituoni sasa. Simu imelia tena akiwa mlangoni, namba ya tatu, safari hii sauti ya mwanamke.

#42 · Nahodha_Matondoni

Amuulize.